Nilivyopata kazi ya kusafisha ardhi yenye sumu Buffalo

Nimekulia Lubumbashi, ambako mgeni huonyeshwa kwanza bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na ule mlima mweusi wa mabaki ya madini. Kwa hiyo nilipohamia Buffalo, jimbo la New York, habari ya udongo wenye sumu haikunishtua. Kilichonishangaza ni kusikia kwamba kuna watu wanalipwa kuuondoa, na kwamba wakazi wanafundishwa kazi hiyo bure.

Shirika la serikali la mazingira la Marekani, EPA, limekuwa likigharimia mafunzo ya aina hii tangu 1998. Yanalenga watu wasio na kazi, au wenye vibarua visivyotosha, wanaoishi karibu na viwanja vyenye udongo wa sumu. Mimi nilikuwa naosha vyombo usiku, nikakubaliwa. Huku viwanja havikosekani: Bethlehem Steel ilisimamisha sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma cha Lackawanna mwaka 1983, na Love Canal, mtaa uliohamishwa watu baada ya tangazo la dharura la 1978 kwa sababu ya kemikali zilizofukiwa chini, uko mji wa jirani, Niagara Falls.

Cheti ambacho waajiri hukiulizia kwanza ni cha saa 40 za kushughulikia taka hatari. Kiingereza changu kilikuwa cha dukani, na vitabu vilijaa maneno ya maabara. Mwenzangu darasani, mama mmoja wa Uvira aliyeishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ndiye aliyeniambia, "Mdogo wangu, usinyamaze, ni haki yako." Kweli, OSHA, idara ya usalama kazini, inataka mfanyakazi afundishwe kwa lugha anayoielewa. Tulimwomba mwalimu atuonyeshe kila kitu kwa mikono kabla ya kusoma, akakubali. Jioni tulirudia jikoni kwake kwa Kiswahili: eneo chafu, eneo la kuoshea, eneo safi, kichujio cha barakoa cha zambarau ni cha vumbi, cheusi ni cha mvuke wa viyeyusho.

Nililoliogopa zaidi ni jaribio la barakoa. Unanyoa ndevu zote (wazee wawili waligoma, tukabembelezana), unavaa, unafunikwa kichwa kwa kofia ya plastiki, kisha unapuliziwa dawa yenye ladha kali. Ukiisikia ulimini, barakoa inavuja. Unageuza kichwa, unainama, halafu lazima useme kwa sauti. Wengine husoma kifungu cha Kiingereza, lakini kanuni inaruhusu pia wimbo unaoujua kwa moyo. Nikaimba wimbo wa kwaya yetu ya Lubumbashi, beti zote. Mwalimu hakuelewa hata neno, ila barakoa haikuvuja.

Watu hudhani kazi hii ni nguvu za kuchimba. Kuchimba kunafanywa na mashine. Kazi yenyewe hasa ni kuvua nguo. Unaosha buti na glavu za nje, unabandua utepe, unavua glavu hizo na buti, kisha ovaroli huku ukiikunja ndani nje, halafu barakoa. Glavu za ndani ndizo za mwisho. Ukikosea mpangilio, vumbi la risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki) unalipeleka nyumbani kwa watoto. Tulirudia hadi mama wa Uvira akaanza kutupigia makofi ya mdundo, hatua kwa hatua.

Kupata kazi ni habari nyingine. Mikataba mingi ni mifupi, na baridi ikija ardhi huganda, kazi hupungua. Kabla ya kujiandikisha, uliza makampuni gani yamewaajiri wahitimu waliotangulia. Wakikujibu kwa maneno matupu, tafuta programu nyingine. Pata leseni ya udereva mapema, maana viwanja viko mbali na basi. Mimi nadhani leseni ndiyo iliyonipa kazi ya kwanza: kumwagia maji udongo usitimke vumbi, na kuosha matairi ya malori kabla hayajatoka getini. Kila mwaka kuna marudio ya saa 8. Usiyaruke, cheti kitakosa nguvu.

Na kama utagusa udongo wenye risasi, omba upimwe damu kabla ya siku ya kwanza kazini, karatasi ya majibu ubaki nayo wewe. Kipimo cha baadaye kitalinganishwa na hicho.