Usiku ule root alikuwa watu watatu

Jumamosi moja saa mbili asubuhi, mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, aliingia ofisini kwetu na kitabu chake cha marejesho ndani ya mfuko wa rambo. Kitabu kilionyesha amebakiza laki na themanini. Skrini yetu ilionyesha anadaiwa milioni na laki mbili. Hakupiga kelele. Alikifungua mezani, akaweka kidole juu ya muhuri wa mwisho. "Mwanangu, muhuri huu si wenu?"

Ulikuwa wetu.

Wakati huo nilikuwa mmoja wa wasimamizi watatu wa mfumo katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Haikuchukua saa nzima kugundua kwamba mikopo yote imevurugika. Mtu alitaka kurekebisha rekodi moja kwenye hifadhidata, akasahau kutaja ni ya mwanachama gani, na amri ikawapitia wote. Tulirudisha nakala rudufu ya Alhamisi usiku, halafu tukaingiza miamala ya Ijumaa risiti kwa risiti mpaka jua likazama.

Lakini ni nani? Tulifungua logi, daftari ambamo seva, yaani kompyuta kuu, huandika nani kafanya nini na saa ngapi. Ikajibu: root, 20:41. Saa ya seva ilifuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu, kwa hiyo ongeza saa tatu: saa tano na dakika 41 usiku. Root ndiyo akaunti yenye mamlaka yote, na wote watatu tulitumia nywila yake moja, tukipitia kompyuta ileile ya ofisini. Hata anwani ya mtandao ilikuwa moja.

Lawama zilimwangukia mdogo wetu, kwa sababu alikuwa na miezi minne tu kazini. "Kaka, nilikuwa nimelala," aliniambia pale kwenye ngazi. Nilimwamini, na sikuwa na kitu cha kumwonyesha meneja. Akasimamishwa kazi. Hakurudi.

Baada ya hapo nilidai mambo yabadilike. Kila mtu akapewa akaunti yake, na root ikafungwa isiingiwe moja kwa moja. Kazi yote ya usimamizi ikawa inapitia seva moja ya mlangoni inayorekodi kila kipindi, yaani tangu mtu anapoingia mpaka anapotoka, na rekodi zinahamia papo hapo kwenye mashine nyingine iliyo chini ya mkaguzi wa ndani. Hapo ndipo penye uzito. Rekodi ikikaa kwenye seva ambayo admini anaweza kuifuta, haina maana. Mwaloni wanalijua hili siku nyingi: anayepima gunia si yeye anayeshika daftari.

Mwenzangu mkubwa kwa umri alikasirika. "Kwa hiyo sisi sasa ni wezi?" Nilimwonyesha kipindi changu mwenyewe. Kinachezwa kama mkanda wa maandishi: herufi zinatokea moja moja kwa kasi ileile ya vidole vyangu. Kuna mahali nilisimama sekunde kumi na moja, nikafuta neno, nikaandika upya. Akatazama mpaka mwisho. "Ina maana siku nikisingiziwa, hii itanisemea?" Ndiyo, mzee.

Tulichagua kurekodi kinachotokea kwenye skrini, tukaacha kila kitufe kinachobonyezwa, maana vitufe vingebeba hata nywila. Hata hivyo skrini ina majina na madeni ya watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, rekodi hizo nazo ni mzigo wa kulindwa. Nywila ya dharura imo kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya meneja. Mwaka 2008 mhandisi mmoja wa jiji la San Francisco alibaki peke yake na nywila za mtandao wa jiji, akakataa kuzitoa hata alipokamatwa, mpaka meya mwenyewe alipomfuata mahabusu. Siwezi kukubali chama cha wavuvi na mama wa dagaa kikae kwenye kichwa cha mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi.

Mwezi uliopita nilimkuta yule mdogo wetu Makoroboi, ana meza yake ya kutengeneza simu. Nikamweleza yote tuliyofunga. Alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye simu iliyofunguliwa mgongo.

"Na ya usiku ule, kaka, ipo?"

Nikamwambia haipo.