Walikata wapi?

Nakaanga viazi karai Likoni, karibu na feri. Siku moja mafuta yaliniruka mkononi na aliyepiga kelele ni mteja, si mimi. Lengelenge nililiona jioni nikiosha vyombo, na lilikuwa juu ya baka lililopauka ambalo miezi mingi nalipaka dawa ya choa.

Daktari wa kwanza, wa kliniki ya kulipia, hakunigusa. Alitazama, akaandika biopsi. Wakakata kinyama katikati ya baka, majibu yakasema ni mwasho wa kawaida wa ngozi. Nikaendelea kupaka. Mabaka yakafika saba.

Wa pili, mama mtu mzima ng'ambo ya feri, alianza kwa vidole.

"Fumba macho, mwanangu. Nikikugusa, nionyeshe ni wapi."

Alikuwa na pamba aliyoisokota ncha. Kwenye ngozi nzima nilionyesha kila mara. Kisha nikangoja, nikangoja, nikidhani ametoka kuitika mtu. Kufumbua macho, pamba imelala juu ya baka. Akaja kwenye kiwiko, akabonyeza mshipa wa fahamu unaopita nyuma yake: umevimba, mgumu kama mshipi wa kuvulia.

"Huu ukoma. Na unapona."

"Mbona biopsi haikuuona?"

"Walikata wapi?"

Nikamwonyesha kovu, akaguna. Kwa mabaka ya aina yangu, alisema, ugonjwa hukolea ukingoni. Katikati mara nyingi hupata mabaki tu. Akakata upya: sindano ya ganzi (nilicheka, ganzi ninayo tayari), kichuma cha duara kama mdomo wa kalamu, uzi mmoja, kinyama ndani ya formalini.

Ripoti hii ilitaja granuloma, yaani vijivimbe vya seli za kinga, zilizozingira na kula neva (mishipa ya fahamu) ndogo za ngozi. Lakini kwa rangi ile ya kusakia bakteria, hakuonekana hata mmoja. Nikamvaa daktari: bakteria hawapo, dawa ya miezi 12 ya nini?

Hakukasirika. Kinyama kile, alisema, ni milimita chache za mwili mzima, na bakteria wakiwa wachache darubini huwakosa. Choa hakili neva. Muda wa dawa hauamuliwi na kinyama kimoja. Mwongozo wa WHO huhesabu mabaka: hadi matano miezi 6, zaidi ya hapo 12. Biopsi imethibitisha jina la ugonjwa, na vidole vyake vimehesabu umeenea kiasi gani. Kwangu mimi hiyo ilitosha, ingawa nilishalipia jibu la kwanza kwa pesa za wiki nzima ya viazi.

Dawa zenyewe ni bure. Rifampisini hugeuza mkojo mwekundu, ile mara ya kwanza nilipiga ukelele chooni. Watoto wangu wawili walikaguliwa, wako salama. Klofazimini, dawa nyingine kati ya hizo, imenitia weusi usoni. Wateja wakiuliza, nasema moshi wa karai. Mwiko nimenunua mrefu, na kila jioni naukagua mkono huu kwa macho, taa ikiwaka.