Kiti changu kinanisengenya

Wiki ya tatu hii nakalia kiti kinachonihesabia mapigo ya moyo. Si kiti cha ajabu, ni kilekile cha siku zote, ila chini ya mto wake nimelaza utando mwembamba wa plastiki unaotoa umeme kidogo kila unapogandamizwa. Waya wake unaishia kwenye kompyuta.

Moyo ukisukuma damu, mwili mzima hutikisika kidogo mno, kama bunduki inavyorudi nyuma ikifyatuliwa. J. W. Gordon aliliandika jambo hilo tangu 1877. Basi hakuna haja ya kujibandika elektrodi, vile vibandiko vya kunasa umeme wa moyo, kifuani; unakaa tu, unaendelea na shughuli zako.

Siku ya kwanza grafu ilikuwa fujo tupu. Nikakaza skrubu, nikabadilisha waya, nikailaumu programu. Kumbe mchawi ni goti langu la kulia! Huwa nalitikisa nikiwaza, na mtikisiko wake unayameza mapigo ya moyo yote. Nikakanyaga sakafu kwa miguu miwili, nikatulia tuli. Vilima vikaanza kujipanga, kimoja baada ya kingine. (Mke wangu amelikemea goti hilo miaka nenda rudi. Safari hii nimekubali.)

Kisha, ili nione kama kiti kitazigundua hisia zangu, nikajionyesha picha za kutisha, nikisubiri moyo uende mbio. Ukapunguza mwendo. Nilidhani nimekosea tena, mpaka nilipokumbuka utafiti wa Jenni Anttonen na Veikko Surakka wa Chuo Kikuu cha Tampere, Ufini, uliotoka 2005. Nao walitumia kiti cha namna hii, na mioyo ya waliokikalia ilipunguza kasi zaidi kwa mambo mabaya kuliko mazuri au ya kawaida. Yaani mwili hutega sikio kwanza. Mbio ni baadaye, kama zipo.

Shida ni kwamba hata pumzi nzito hubadilisha mwendo wa moyo. Kiti kinajua kuna kitu kimenigusa, hakijui ni kitu gani. Anayetaka kuwakalisha wafanyakazi wake juu ya viti hivi ili ajue nani ana kinyongo, mimi simo.

Jana nilipata baruapepe ya kunikatalia ombi nililolihangaikia miezi miwili. Hasira ile ingekuwa data safi kabisa! Nikakimbilia grafu: mstari umenyooka kama rula. Nilikuwa nimeinuka kitini tangu sentensi ya pili.