Nilivyotoka kwenye ripoti za miradi hadi kushauri sera

Nilianza na tathmini za athari kwa mazingira: barabara, njia za umeme, mabwawa. Napewa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, naenda uwandani, narudi kuandika ripoti nene. Utaratibu huu si mgeni. Sheria ya Marekani iliyouanzisha ilitiwa saini Januari 1, 1970, na nchi nyingi zikafuata. Kero yake ni kwamba mara nyingi mshauri huitwa barabara ikiwa imeshachorwa. Hapo kinachobaki ni kupendekeza maji yamwagwe kupunguza vumbi.

Kilichoninasua ni kujifunza kusoma nyaraka za wahandisi. Chukua barabara inayokatiza ardhi oevu. Tuta linalobeba barabara likikosa makalvati, yaani njia za kupitisha maji chini yake, ya kutosha linageuka bwawa: upande mmoja maji yanatuama, upande wa pili mimea inakauka. Ukiandika tu kwamba mtiririko wa maji ulindwe, hujamsaidia mtu. Nikawa nakaa na mhandisi wa haidrolojia, mtaalamu wa mwenendo wa maji, mbele ya mchoro, tunakubaliana makalvati yakae wapi na yawe na upana gani, kisha nafuatilia hadi yaingie kwenye jedwali la vipimo na gharama la zabuni. Mkandarasi hufanya kilichowekewa bei. Kisicho na bei kitaishia kuzungumzwa vikaoni.

Baada ya hapo wahandisi wakaanza kuniita wenyewe, tena mapema. Kwangu mimi hicho ndicho cheo. Cha kwenye kadi kilikuja baadaye sana. Masharti ya mikopo nayo yalinipa nguvu. Viwango vya mwaka 2012 vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, vinataka athari ziepukwe kwanza, zisizoepukika zipunguzwe, na fidia ije mwisho. Lakini utaepuka vipi kama njia mbadala zimeshafungwa?

Ndipo nikasogea kwenye tathmini ya mazingira ya kimkakati, ile inayopima sera na mipango kabla miradi haijazaliwa. Huko ndiko panapoulizwa kama mizigo ipite relini au barabarani. Niliingia kwa kuomba kuandika sura ndogo ndogo za ripoti ambazo wakubwa hawakuzitaka. Ugumu ulikuwa uandishi. Sisi wa sayansi tunapenda "huenda" na "inawezekana", wakati mwenye kuamua anataka kujua achague lipi. Nikazoea kurasa mbili: uamuzi unaohitajika, njia zilizopo, gharama ya kila moja na nani ataumia. Pendekezo langu linatangulia, mashaka yangu yanafuata, wala siyafichi.

Siku hizi mteja akinipigia, swali langu la kwanza ni kama njia imeshachaguliwa. Ikiwa imechaguliwa, namweleza pale pale mambo ambayo ripoti yangu haitaweza kuyabadilisha. Wapo wanaokwenda kutafuta mshauri mwingine.