Nilivyopata monita ya 144Hz ndani ya laki tatu na nusu hapa Mwanza

Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, kwaiyo hela yangu inaenda na mwezi: kukiwa na giza wavuvi wanashusha mzigo na sisi tunapata, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika na mfuko unapumzika. Kwa hali hiyo nilitenga laki tatu na nusu ya monita nikasema haizidi hapo, maana ikizidi inakula mtaji.

Kilichonisukuma ni hiki. Mashine yangu ni kompyuta ya Dell OptiPlex ya mtumba, zile zinazotoka maofisini, nimeichomekea kadi ya grafiki ya GTX 1650 nacheza Valorant, gemu ya kupigana risasi. Nikishusha ubora wa grafiki kadi inatoa fremu, yaani picha, zaidi ya 150 kwa sekunde lakini kioo nilichokuwa nacho ni cha 60Hz, yaani kinabadilisha picha mara 60 tu kwa sekunde, zile zingine zote zinapotea bure na kadi inahangaika kwa kazi nisiyoiona. Nikakaa na kalkuleta. Kwenye 60Hz picha moja inakaa milisekunde 16.7, kwenye 75Hz 13.3, kwenye 144Hz 6.9, kwenye 240Hz 4.2. Sasa angalia hapo, ukitoka 60 kwenda 144 unaokoa karibu milisekunde 10, ukitoka 144 kwenda 240 hazifiki hata 3 na bei inapaa. Hapo ndo nikajua natafuta 144 au 165 basi, ile ya 75 nikaiacha kwa sababu tofauti yake na niliyonayo ni ndogo na ya 240 nikaiacha kwa sababu kadi yangu haiwezi kuilisha.

Na hili nalisema kwa wote, anza na kadi yako kabla hujaenda dukani. Kama kadi inatoa fremu 50 kwenye gemu unayocheza kila siku, 144Hz haitakusaidia. Kuna gemu pia zenyewe zimefungwa kwenye 60, Elden Ring kwa mfano, hata uwe na kioo cha namna gani haivuki hapo.

Nikaanza kuzunguka maduka ya mjini, Makoroboi huko mpaka barabara ya Kenyatta. Karibu kila muuzaji anakuvutia kwenye inchi 27, "bosi chukua kubwa hii, utaenjoi". Ni kubwa kweli, lakini ya 1080p, yaani pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, kwenye inchi 27 ina pikseli kama 82 kwa inchi, kwenye 24 ni kama 92, na ukikaa karibu kama ninavyokaa mimi unaona maandishi yamefifia kingo. Ukitaka 27 iwe safi unahitaji 1440p ambayo ina pikseli karibu mara 1.8 ya 1080p, GTX 1650 itaishiwa pumzi. Nikabaki na 24.

Kwenye aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kilivyotengenezwa, nilisumbuka kidogo. TN ni rahisi na ina kasi ila ukiinama tu rangi zinageuka, VA ina weusi mzuri lakini nyingi za bei ya chini zinaacha mkia mweusi kitu kikipita haraka sehemu ya giza, IPS ndo inakaa katikati, rangi safi na kasi ya kutosha. Nikaitaka IPS. Na yale maandishi ya 1ms (milisekunde moja) kwenye boksi msiyape uzito sana, mengi ni MPRT, kipimo kinachopatikana kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma, ukiiwasha hiyo kioo kinapungua mwanga.

Nikaipata ya mtumba, inchi 24, IPS, yenye FreeSync, yaani kioo kinafuata mwendo wa kadi ili picha isikatike. Jamaa anasema "kaka hii ni 144, soma stika". Nikamwambia stika nimeiona kaka yangu, naomba niijaribu. Laptopu ya dukani ilikuwa ya zamani, na HDMI (tundu la waya wa picha) za zamani zile za 1.4 kwa 1080p nyingi zinaishia 120Hz, kwaiyo isingenipa jibu la uhakika. Nikarudi nyumbani nikaifunga CPU yangu kwenye blanketi, nikapanda bajaji nayo pamoja na waya wa DisplayPort, aina nyingine ya waya wa picha. Waya huo ni muhimu sana kwa wenye kadi za NVIDIA kama hii GTX yangu, tangu Januari 2019 kadi zao kuanzia familia ya GTX 10 zinakubali monita za FreeSync ila kwenye monita kama hizi inapita DisplayPort, ukichomeka HDMI hupati.

Tukawasha. Windows ikaiweka 60 kama kawaida yake, nikaingia setingi, disiplei, advansi disiplei, nikaona 144 ipo nikaichagua. Nikafungua ile testi ya UFO ya tovuti ya Blur Busters, inayoonyesha kioo kinavyokwenda na vitu vya haraka, halafu kioo kizima cheupe, chekundu, cheusi, kutafuta pikseli zilizokufa. Safi. Alitaka laki nne, nikamtajia nilichonacho, akaguna akaguna akakubali laki tatu na thelathini. Elfu ishirini iliyobaki nikaongezea nikachukua stebilaiza.

Nyumbani nimefunga fremu kwenye 141, chini kidogo ya 144, ili FreeSync isitoke nje ya mstari, na ovadraivu, setingi ya kuharakisha pikseli kubadilika, nimeiweka kati, ukiiweka juu kabisa vitu vinaacha kivuli cheupe nyuma. Kulenga kumebadilika kweli, mtu akikatiza kona namuona anakatiza, zamani alikuwa anatokea tu yuko mbele yangu. Pingi, ule muda wa kwenda na kurudi kwenye seva ya gemu, iko vilevile, hiyo ni kazi ya intaneti.

Mdogo wangu ana PS5 na anataka kama hii. Nimemwambia asilipie 144 kwa ajili yake maana PS5 mwisho ni 120Hz, na achomeke kwa HDMI hapohapo dukani ahakikishe monita inaikubali hiyo 120, kwa sababu kuna monita zinatoa 144 kwenye DisplayPort halafu HDMI yake inaishia chini.