Kompyuta yangu ya zamani imeikubali Inkscape mpya, na vitambulisho vinatoka saizi ileile

Nianze na huu ushauri wa "tupa hiyo, nunua mpya", maana umenichosha. Kila fundi ninayemuita anaangalia boksi la kompyuta, anatikisa kichwa, anataja bei ya laptop.

Nina stationery hapa Morogoro, kazi zangu ni vitambulisho vya wanafunzi, kadi za harusi na kadi za michango. Mashine ya kudizainia ina prosesa ya Core 2 Duo E8400 na Windows 7, na miaka yote nilikuwa natumia Inkscape 0.48, programu ya kuchora na kudizaini, toleo lile lililotoka 2010. Haikuwahi kuniangusha mpaka wateja walipoanza kuniletea mafaili waliyotengeneza kwenye programu za sasa hivi, nikifungua vitu vingine havionekani kabisa.

Fundi wa kwanza akasema hapa dawa ni Photoshop na Illustrator za kisasa. Nikamwambia kaka, hii prosesa ina SSE4.1, haina SSE4.2 (ni seti za amri ambazo prosesa inazielewa), na Adobe wenye hizo programu wanataka 4.2, haitakubali. Akanijibu hizo ni namba za kutishia watu tu. Akashinda dukani mchana kutwa anaweka anatoa, anaweka anatoa, wateja wa fotokopi wanamzunguka, jioni akatangaza kwamba kompyuta ni mbovu na hela ya ufundi akataka. Kompyuta si mbovu! Hakuna programu wala RAM inayoweza kuiongezea prosesa kitu ambacho haikutoka nacho kiwandani. Kabla hujamlipa mtu weka CPU-Z, programu ya bure inayokuonyesha prosesa ina nini, soma mstari wa Instructions, dakika moja umeshajua.

Nikafanya ninavyojua mimi. SSD ya giga 240, kama elfu sitini na ushee hivi, RAM nikaipandisha kutoka giga 2 mpaka 8 kwa hela isiyofika hata ya mtungi wa gesi, Windows 7 nikaipiga upya ya 64-bit, nikaweka Inkscape 1.0 ambayo inakubali Windows 7 bila ugomvi. Kwa nini sikuhamia Windows nyingine? Kwa sababu printa yangu ya kadi inafanya kazi vizuri hapo na sina sababu ya kuisumbua. Ila Windows 7 haipati masasisho tangu Januari 2020, kwa hiyo waya wa intaneti nimeuchomoa moja kwa moja.

Sasa hapa ndo penyewe. Kijana wangu wa dukani alifungua template ya kitambulisho cha shule, kikatokea kidirisha kinauliza hili faili la zamani ni la kuangalia kwenye skrini au la kuchapisha kwenye karatasi. Lile la skrini limeandikiwa kabisa kwamba chagua hili kama huna uhakika, akachagua hilo, nani asingechagua. Tukachapa kwenye karatasi ya kawaida kwanza, mimi kadi za plastiki za PVC sizijaribii, nikaiweka kadi tupu juu ya ile picha. Kadi imezidi pande zote! Kadi ni milimita 85.6 kwa 54, picha imetoka 80 na robo kwa 50 na nusu hivi, jina la shule limesogea, baa ya rangi ya chini haigusi ukingo.

Sababu ni hii: Inkscape mpaka 0.91 ilikuwa inahesabu pikseli 90 kwenye inchi moja, kuanzia 0.92 ya Januari 2017 ni 96. Gawanya 90 kwa 96 unapata 0.9375, ndo hapo milimita tano zilipoenda. Kuna watu wakaniambia vuta tu kwa mkono asilimia 106. Usithubutu, hesabu kamili ni 106.67, kwa 106 bado unapungukiwa nusu milimita na kwenye kadi inaonekana.

Dawa: chagua lile la kuchapisha, halafu sema kilicho muhimu ni usahihi wa vipimo, na ile tiki ya kutunza nakala ya faili la zamani iache hapohapo. Nikapima, 85.6 kamili, nilipiga kelele mpaka jirani wa saluni akaja kuchungulia. Lakini template zenye picha ya mwanafunzi iliyokatwa kwa clip (umbo linaloficha sehemu ya picha) hizo, humohumo kwenye kuchapisha, chagua lile jingine, la kulinda mwonekano, la sivyo clip zinaweza kuhama. Na kagua maandishi yenye mistari mingi, nafasi kati ya mistari hubadilika.

Kitu kingine, 1.0 inahesabu Y, yaani kipimo cha juu kwenda chini, kuanzia juu, zamani ilikuwa chini, kwa hiyo kama huwa unaandika namba za kupangia kadi kumi kwenye A4 zitakuja kichwa chini miguu juu. Kwenye Preferences, sehemu ya Interface, unairudisha ilivyokuwa, unafunga programu unafungua tena.

Kivuli na blur ndo bado vinaielemea prosesa. Shusha ubora wa filta kwenye Rendering, na ukiwa unapanga tu bonyeza Ctrl na 5 ya zile namba za pembeni mpaka ikuonyeshe mistari mitupu, kazi inakwenda haraka.

Template za shule zote nimeshazihamisha. Za harusi nazihamisha moja moja, mteja akija.