Nilivyowahamishia maji moto kwenye minazi yangu

Kwa misimu miwili minazi yangu ya karibu na Konde, kaskazini mwa Pemba, ilipukutisha vidaka kabla havijafika udafu. Bwana shamba alikipasua kimoja akanionyesha alama za kunguni wa minazi, mdudu anayefyonza matunda machanga. Adui mkubwa wa kunguni huyo ni maji moto, chungu wa jamii ya sisimizi wanaoshona majani ya miti kuwa viota, na mikarafuu ya jirani ilikuwa imejaa maji moto.

Mara ya kwanza nilikata viota vya mikarafuu miwili nikavitundika kwenye mnazi mmoja. Ilipofika adhuhuri, shina zima lilikuwa uwanja wa vita. Mzee mwenye mikarafuu akaniambia, "Mwanangu, hao si ukoo mmoja." Alinifunza kukata tawi lenye maji moto na kuligusisha na mti wa pili: wakipapasana na kupishana ni wa kundi moja, lakini wakikamatana miguu na kuvutana, wana harufu tofauti na hawatapatana.

Nilirudi alfajiri, mikono nimeipaka jivu, nikakata viota 12 vya kundi moja. Kisha nikaunganisha minazi kwa kamba za usumba, maana wakipita chini hushambuliwa na chungu wenye vichwa vikubwa wanaotawala ardhi yangu.

Nilikaa na kutazama kamba ile hadi jua likapanda. Mmoja alitangulia, akafika mnazi wa pili, akarudi huku akigusisha ncha ya tumbo kwenye kamba, na kila aliyekutana naye alimpapasa kwa vipapasio na kutikisa kichwa. Baada ya muda mfupi wakafuata kumi, kisha mstari mzima. Hölldobler na Wilson, watafiti wa chungu walioandika juu ya maji moto wa Afrika mwaka 1978, walieleza kwamba chungu hawa wana njia kadhaa za kuitana, kila moja kwa shughuli yake, na harufu wanayoiacha njiani ni sehemu ya wito huo. Hapakuwa na mkubwa wa kuamrisha.

Siku ya nne niliwaona wakijenga. Jani lilikuwa mbali, basi wakashikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, wakalivuta hadi kingo zikakutana, na wengine wakaja na watoto wao wachanga vinywani, wakiwapitisha huku na huku ili uzi wanaoutoa ushone kiota.

Msimu uliofuata nilihesabu vidaka vilivyoanguka chini ya minazi ile: vilikuwa vichache sana.